Ukurasa Uliokatwa Kiunoni

Shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nusu yake nilikuwa malishoni na ng'ombe wa baba. Nasema mapema ili mtu asije akatafuta humu maneno ya wasomi. Kusoma najua, kuandika najua, na hesabu ya kichwa hajazaliwa wa kunidanganya. Kiingereza changu kilikuwa kile kinachoandikwa kwenye mapipa ya mafuta na vibao vya mashine, basi.

Ninachotaka kueleza ni jinsi nilivyojifunza kutembea ndani ya intaneti kwa mkono wangu mwenyewe, wakati ambapo watu wa Shinyanga waliokwisha kuigusa ungeweza kuwapakia wote kwenye pikapu moja. Siku hizi kile chombo wanakiita kivinjari, na wajukuu wanazaliwa wakiwa nacho mkononi. Sisi hatukuwa na jina lake. Mimi nilikiita kioo.

Kilichonipeleka kwenye kioo ni maji.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na nilikuwa na duara langu upande wa Runzewe. Duara ni shimo la dhahabu, linakwenda chini kama kisima. Kuta zake huzuiwa na magogo tunayoyaita matimba, na matimba hayo hayo ndiyo ngazi ya kushukia. Tulikuwa watu tisa. Tulichimba misimu miwili tukila ugali wa mtama na matumaini, na siku tulipoufikia mwamba wenyewe, mweupe wenye michirizi ya kutu, maji nayo yakaufikia. Yalipanda taratibu. Asubuhi unakuta timba moja limezama, kesho yake lingine. Na mvua za kwanza zilikuwa zimebakiza wiki chache. Mvua zikikuta duara limejaa, magogo yanalegea, kuta zinashuka, shimo linajifukia lenyewe. Misimu miwili ya watu tisa inakuwa tuta la udongo.

Pampu tulikuwa nayo. Cha kuizungusha ndicho kilikuwa shida. Nilikuwa nimenunua, kwa ng'ombe saba, mashine ya dizeli kutoka kiwanda cha kuchambulia pamba kilichofungwa, nje kidogo ya Shinyanga. Mashine ya zamani ya Mwingereza, ya magurudumu mawili mazito ambayo hata wanaume wanne hawalibebi moja bila kupumzika. Nilipoishusha pale mgodini watu walikuja kuitazama kama wanatazama tembo aliyekufa.

"Mzee, hii itawaka?"

"Mimi sinunui mizoga," nikawajibu.

Nilimleta fundi kutoka Nyasubi, Kahama, mtu mwenye jina lake kwenye dizeli. Akaifungua yote, akaiosha, akaifunga. Tukazungusha hendo, ule mkono wa chuma wa kuwashia. Ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, halafu ikapiga kinyume na kurusha hendo ambayo nusura imvunje mkono. Akairudia siku nne. Siku ya tano akakaa juu ya debe akawasha sigara.

"Taimingi imepotea, mzee wangu. Hapa kuna gia mbili, ndogo na kubwa. Zinatakiwa zikutane kwenye alama. Hii ndogo alama yake hii hapa, kitone. Hii kubwa haina."

"Imefutika?"

"Chuma kimepigwa tindo, kitafutikaje? Haina. Labda gia yenyewe si ya kwake. Mashine hii ina kitabu chake mahali. Bila kitabu mimi nabahatisha, na mkono wangu huu ndio unaolisha watoto." Akavuta sigara. "Au uwapelekee watu wa vyuma chakavu. Kwa kilo utapata kitu."

Vijana wangu walikuwa wamesimama wanasikia. Mtu niliyesema sinunui mizoga. Nikamwambia fundi, "Nipe wiki moja. Usiondoke." Nikachukua karatasi ya mfuko wa saruji, nikaiweka juu ya kile kibao cha shaba ubavuni mwa mashine, nikasugua kwa mkaa mpaka maandishi yote yakatoka. Nikaikunja, nikaitia kifuani, nikadandia lori la mpunga.

Shinyanga mjini kulikuwa na duka la vipuri la familia moja ya Kihindu, watu wa pale pale, baba yao alizaliwa pale. Walikuwa wanauza mikanda na beringi tangu viwanda vya pamba vikinguruma. Mwenye duka tulikuwa tunajuana kwa miaka, na kwa miaka hiyo yote tulikuwa tunabishana. Nikamtandikia karatasi yangu ya mkaa juu ya kaunta.

"Kitabu cha hii? Angekuwa nacho marehemu baba. Umechelewa miaka ishirini."

"Wewe unacho nini sasa?"

"Mimi ninazo beringi."

Dada yake alikuwa nyuma kwenye meza. Mama mjane, miaka arobaini na kitu, miwani ya kamba, ndiye aliyekuwa anapiga taipu barua za duka. Kisukuma chake kilikuwa kisafi kuliko cha vijana wengi wa mjini. Akainuka akaja kuitazama karatasi.

"Shikamoo mzee. Mwadila."

"Marahaba, mama. Mwadila."

"Kaka, si tukitafute kwenye kompyuta?"

Mwenye duka akafumba macho. Kompyuta ile ilikuwa mpya pale dukani, na intaneti yake ilikuwa inapitia kwenye waya wa simu, unapiga Mwanza. Kila dakika ni ya simu ya mbali. Na wao wakiwa ndani, simu ya duka haipokei mtu. Mwisho akasema, "Saa saba tunapofunga kwa chakula. Saa nane na nusu waya wangu nautaka. Na dizeli utanunua kwangu."

Hivyo ndivyo nilivyopata darasa la nne.

Siku ya kwanza alifunga mlango wa mbele, akavuta viti viwili, akaweka ungo wa choroko mapajani ili mikono isikae bure. Kompyuta ikapiga simu. Ililia kama paka wawili ndani ya debe, halafu ikanyamaza, na kwenye kioo ukafunguka ukurasa.

"Umeona? Tumefika."

"Tumefika wapi?"

"Hapo ndipo kuna swali," akasema. "Basi subiri nikuoneshe."

Alitaka kuendesha yeye, mimi nitazame. Nikakataa. Mimi sikujifunza kuchimba kwa kumtazama mtu. Akanisogezea kile kidude wanachokiita mausi. Vidole vyangu viwili vilikijaza. Mara ya kwanza nilikibonyeza kama mtu anayeua kupe, kikalia.

"Taratibu, mzee. Hakijakukosea."

Nikajifunza. Juu kabisa palikuwa na mstari mrefu mweupe, ndani yake herufi zilizobanana bila nafasi. Akasema ile ni anuani, kila ukurasa duniani una yake, kama namba ya kiwanja. Chini ya anuani palikuwa na vialama vimejipanga: mshale wa kushoto, mshale wa kulia, msalaba, nyumba.

"Nyumba ya nani hiyo?"

"Ya kwetu. Ukipotea, bonyeza hapo, unajikuta pale tulipoanzia."

"Nimepita kumi, halafu naruka tu mpaka nyumbani?"

"Ndiyo."

Sikuipenda. Kwenye duara mtu hatoki kwa kuruka. Unatoka kwa matimba uliyoshukia, moja moja, kwa sababu ndivyo unavyojua kama kuna lililolegea. Nikamwambia hiyo nyumba sitaigusa, nitarudi kwa mshale wa kushoto. Akacheka, akasema fanya unavyopenda, waya si wangu.

Mshale ule wa kushoto ndio ulionishika moyo. Nilibonyeza, ukurasa ukaondoka na uliotangulia ukarudi, vile vile, na picha zake. Nikabonyeza tena. Nikauliza, "Sasa ule niliouacha, umezimika?"

"Haujazimika. Uko kule kule ulipo. Wewe ndiye umeondoka."

"Na mtu mwingine anaweza kuwa anautazama sasa hivi?"

"Hata watu mia."

Shimo ambalo watu mia wanashuka mara moja, na hakuna anayemkanyaga mwenzake kichwani. Kisha nikauona mshale wa kulia. Mwanzo ulikuwa umefifia, haubonyezeki, na sasa umewaka. Mama akaniambia huo hukupeleka mbele, lakini mbele ile tu ambayo umeshafika ukarudi. Kama hujawahi kurudi, hauna pa kukupeleka. Hilo nililitafuna njia nzima mpaka gesti. Watu wengi nawajua wanaotaka mshale wa kulia uwawakie kabla hawajaenda popote.

Halafu akanionesha milango. Maneno ya buluu yaliyopigiwa mstari. Ukiyakaribia, kile kimshale kinageuka mkono wenye kidole kimoja. Bonyeza, unaingia. Ukitoka, lile neno si la buluu tena, limekuwa la zambarau.

"Kwa nini linabadilika?"

"Ili ujue umeshaingia."

"Kama marudio."

"Marudio ndiyo nini?"

Nikamweleza. Mawe ya dhahabu yakishasagwa na kuoshwa, ule mchanga unaobaki ndio marudio. Ukishaijua rangi yake hukosei tena. Mtu akimwaga rundo mbele yako unajua hapo pameshapitwa. Nikamweleza na jinsi nilivyoanza, maana nilikuwa najisikia vizuri: kwamba nilipofika machimbo ya upande wa Geita, kijana sina hata jembe, nilikuwa naosha marudio ya watu. Waliyotupa wao mimi nayarudia, na mle mle nikapata vya kununulia tindo yangu ya kwanza. Alisikiliza, choroko zikiruka kwenye ungo.

"Sasa hivi siyagusi," nikamalizia. "Nina duara langu."

Alikuwa bado anataka kunionesha kitu. Alinyoosha kidole upande wa kulia wa kioo, palipokuwa na mstari wa kijivu umesimama kutoka juu hadi chini.

"Na hapa pembeni, mzee..."

"Hiyo fremu nimeiona, mama. Nimeelewa. Tuanze kazi."

Akanitazama juu ya miwani. Akaurudisha mkono kwenye choroko.

Siku ya pili ndiyo tulianza kutafuta. Aliipiga taipu ile karatasi yangu ya mkaa, herufi kwa herufi, kwenye kisanduku. Tukangoja. Yakaja maneno ya buluu, yamejipanga mstari baada ya mstari. Alitaka kuyasoma kwanza, mimi nikaingia wa juu kabisa.

Picha za siku zile hazikuja kwa mara moja. Zilikuja toka juu, mstari kwa mstari, polepole, kama mtu anayevutwa na winchi kutoka duarani: kwanza kofia, halafu paji la uso, halafu unajua ni nani. Nikaona kipande cha anga. Nikaona bomba la moshi. Nikaona tanki la mafuta lenye mfuniko wa shaba, nikakisogelea kioo, kwa sababu mfuniko ule nilikuwa nimeusugua kwa mchanga kwa mikono yangu. Magurudumu mawili yakaanza kutokea, mgongo wa juu wa magurudumu, na hapo picha ikafika ukingo wa kioo. Ikaishia hapo. Mashine ya kwangu, imekatwa kiunoni.

Wakati huo huo mlango ukagongwa, mama akaenda kumweleza mtu kwamba duka limefungwa, na mtu mwenyewe hakuwa wa kuelezwa mara moja. Nikabaki peke yangu na ule ukurasa. Nikangoja. Hakikuongezeka kitu. Nikasema moyoni, huyu jamaa hajui kupiga picha. Gia ziko chini, yeye kapiga kichwa. Nikabonyeza mshale wa kushoto. Lile neno likawa la zambarau.

Aliporudi akauliza, "Vipi?"

"Hamna kitu."

Tukaingia wa pili. Wa tatu. Mmoja ulikuwa na meli. Mmoja ulikuwa na mzungu amebeba samaki. Mwingine ulikuwa na maandishi matupu, mama akasoma juu juu, akasema wanauza mashine mpya. Kila tulipotoka mlango uligeuka rangi, na mimi nikawa nahesabu ya buluu iliyobaki kama mtu anayehesabu mishumaa. Mwenye duka akafungua mlango wa nyuma, mdomo bado una chapati.

"Mmefika Uingereza?"

"Tumepita," nikamwambia. "Hawakuwa nyumbani."

"Saa nane na nusu."

Jioni nilikaa nje ya gesti. Upande wa magharibi, Kahama kwenda Runzewe, kulikuwa na wingu limekaa chini, jeusi, na radi yake ilikuwa haisikiki bado, inaonekana tu. Nikamkuta dereva aliyetoka huko. Nikamuuliza mvua.

"Kagongwa imenyesha leo mchana. Si kubwa."

Kagongwa leo. Runzewe labda kesho kutwa.

Siku ya tatu nilifika dukani kabla ya saa saba. Mwenye duka alikuwa anafunga mizigo kwa kamba.

"Leo ndiyo mwisho, mzee. Kesho familia nzima tunakwenda Mwanza harusini, siku tano. Ukitaka, nenda na sisi, utacheza."

Sikucheka. Tukakaa. Tulibakiza milango minane ya buluu, na kufika saa nane tulikuwa tumebakiza mmoja. Tukaingia. Ulikuwa na maneno kwamba ukurasa haupo. Hata mama alisita kuniambia. Nilisoma usoni kwake.

Nikarudi kwa mshale. Orodha yote ikakaa mbele yangu, zambarau juu mpaka chini. Rundo la marudio.

"Basi," nikasema. "Tumechimba tumemaliza. Chuma chakavu kwa kilo."

Mama akaweka ungo chini. "Hapa kwenye yote haya, mzee, hukuona hata moja inayofanana?"

"Ile ya kwanza ilikuwa yenyewe."

"Ipi ya kwanza?"

"Jana, ulipokwenda mlangoni. Mashine yangu yenyewe, tanki lile lile. Ila aliyeipiga picha ameikata kiunoni. Gia hazipo."

Alinitazama. Mimi najua sura ya mtu anayezuia kicheko, na ile ndiyo ilikuwa.

"Ameikata kiunoni," akasema.

"Ndiyo."

"Fungua tena."

"Mama, ile ni zambarau. Nimeshaingia, nimeshatoka. Muda wenyewe nusu saa."

"Nyie marudio huwa mnatupa?"

Nikaondoa mkono kwenye mausi.

"Nauliza tu. Juzi kuna mtu alikaa kwenye kiti hicho akaniambia alinunua tindo yake ya kwanza kwa walichotupa wenzake. Sijui alikwenda wapi."

Kupigwa na maneno yako mwenyewe hakuna dawa. Nikabonyeza lile neno la zambarau. Likafunguka, kwa haraka zaidi ya jana. Anga, bomba la moshi, tanki, mgongo wa magurudumu, ukingo wa kioo.

"Umeona? Kiunoni."

Sasa alicheka wazi, mkono mdomoni. "Mzee wangu. Wewe umeshuka chini ya ardhi miaka mingapi?"

"Zaidi ya kumi na tano."

"Na hapa umeishia mlangoni. Ile fremu yako ya juzi, shika. Hapo kwenye kile kijiti cha kijivu. Bonyeza usiachie, halafu vuta chini."

Nikashika. Nikavuta chini.

Ukurasa wote ukapanda.

Nakwambia nilitoa mkono. Nilidhani nimevunja. Ile anga ikatokomea juu ya kioo na magurudumu yakapanda, mazima, mpaka kwenye sakafu ya saruji yalipokalia. Chini yake kukawa na maandishi. Chini ya maandishi, picha nyingine. Nikavuta. Nyingine. Kile kijiti kilikuwa bado kipo karibu na juu; safari yenyewe ilikuwa haijafika hata nusu. Mimi, mtu wa futi mia na hamsini, nilikuwa nimesimama kwenye mdomo wa shimo siku mbili nikisema hamna kitu.

"Linakwenda mpaka wapi?"

"Mpaka yeye alipochoka kuandika."

Mwenye ukurasa alikuwa mzee wa nchi moja ya baridi. Picha yake ilikuwepo, kavaa aproni yenye mafuta, nywele nyeupe kama pamba ya Usukumani. Mama alisoma kidogo kidogo tukishuka. Alikuwa anazikusanya mashine za aina ile, anazo banda zima, na siku za mapumziko anaziwasha.

"Zinaendesha nini?"

Akasoma tena. "Haziendeshi kitu. Anaziwasha azisikilize."

"Azisikilize tu?"

"Ndivyo anavyosema."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikamwelewa. Nikaendelea kuvuta.

Picha ya saba au ya nane ilikuja kutoka juu kama kawaida yake, mstari kwa mstari. Mashine imefunguliwa ubavuni. Gia ndogo ikatokea. Gia kubwa ikatokea, meno yake, halafu sehemu ya katikati, kile kitovu kinachovaa shafti. Kitovu kilikuwa kimetokeza nje kama kikombe kilichofunikwa.

Nikainuka kwenye kiti.

"Nini?" mama akauliza. "Ngoja nisome hapa chini wanasema..."

"Usisome. Yetu imelala."

"Imelalaje?"

"Yetu kitovu kinatazama ndani. Nje kuko bapa kama sahani. Kuna mtu aliigeuza. Kule kiwandani, zamani, kuna mtu aliifungua akairudisha kinyume. Alama ipo. Imetazama ukutani."

Picha ikamalizika kushuka. Kwenye uso wa gia kubwa palikuwa na vitone viwili, na kitone cha gia ndogo kimekaa katikati yao. Mama akasoma maandishi hata hivyo, maana ni mtu wa kuhakikisha. Mzee wa nchi ya baridi alikuwa ameandika kwamba wengi huirudisha gia hii kinyume, halafu husema haina alama.

Nilichora. Nilipasua boksi la beringi nikachora kwa kalamu yake, kitovu nje, vitone viwili, kimoja katikati, hendo upande gani. Nikachora na ule ukurasa pia, sijui kwa nini: mstari wa anuani juu, mishale miwili, nyumba ambayo sikuigusa, na pembeni kijiti cha kijivu chenye mshale wa kwenda chini. Mama aliona, akanishikia boksi lisicheze. Saa nane na ishirini mwenye duka akatoa kichwa.

"Mmepata kitabu?"

"Tumepata mwenye kitabu," nikasema. "Nipe mapipa mawili ya dizeli."

"Kumbe unajua kutimiza ahadi."

Mama nilimuaga mlangoni. Mimi si mtu wa maneno mengi ya shukrani, nilimwambia, "Juzi ulitaka kunionesha ile fremu, nikakukatiza."

"Nilisikia ukisema umeelewa."

"Sikuwa nimeelewa."

"Najua, mzee. Nenda, mvua hiyo."

Lori lilinifikisha Runzewe kesho yake alasiri, barabara imeshaanza kuteleza. Mvua ya mgodini ilikuwa ndiyo inaanza, matone makubwa yaliyoachana. Matimba matatu yaliyokuwa yanaonekana nilipoondoka yalikuwa yamezama. Vijana walikuwa wamejikunyata chini ya turubai na fundi alikuwa bado yupo juu ya debe lake, mfuko wa zana umeshafungwa.

Nikamwekea boksi mbele. "Toa gia kubwa. Igeuze."

Akalitazama. Akanitazama. Hakubishana, fundi wa kweli akioneshwa kitu mkono wake unatangulia mdomo. Vijana walishika turubai juu yake, akaivuta ile gia na kuigeuza nyuma mbele, akaipangusa na tambara. Vitone viwili vilikuwa hapo, vimejaa grisi ya miaka.

Akavisugua kwa kidole gumba. "Nani kakwambia?"

"Kuna mama wa dukani Shinyanga. Na mzee mmoja mzungu anayesikiliza mashine."

"Mama wa dukani anajua taimingi?"

"Anajua kushuka. Funga gia."

Tulizungusha hendo watu watatu. Mara ya kwanza ilikohoa. Mara ya pili ilishika, ikatoa moshi mweusi, ikapiga moja, mbili, halafu magurudumu yakachukua mwendo wenyewe na ardhi ikaanza kutetemeka chini ya nyayo. Hakuna aliyeshangilia. Vijana walikimbilia mkanda wa pampu.

Mvua ilinyesha, pampu ikavuta. Palikuwa na kitambo kirefu ambacho hatukujua ni nani anashinda. Mimi nilikaa kwenye mdomo wa duara na gunia kichwani, natazama. Kisha timba la juu likatokea, jeusi, linang'aa. Nikangoja. Likatokea la pili. Maji yalikuwa yanashuka taratibu na kuta zinajitokeza kuanzia juu, gogo kwa gogo, na kila gogo lilikuwa pale pale tulipoliacha.

Fundi akaja kuchuchumaa pembeni yangu.

"Mzee, huo mkono vipi?"

Nikautazama. Ulikuwa juu ya goti, kidole kimebonyeza, unavuta chini polepole.